UZI: Rashomon ya Kurosawa na huu usemi wa "kila mtu na ukweli wake"

Mtambaji (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu. Jina la filamu hii huibuka humu kila ubishi unapofika pagumu. Watu wanavutana kuhusu ajali, ndoa iliyovunjika au kesi iliyo mahakamani, kisha anatokea mmoja anasema "hiyo ni Rashomon, kila mtu na ukweli wake", na mjadala unafungwa hapo. Mimi naipenda filamu hii kuliko zote nilizowahi kutazama, na naona inasingiziwa. Hicho kinachodaiwa kuwa ndicho inachokisema, ndicho inachopambana nacho toka mwanzo hadi mwisho. Naomba nieleze kwa kirefu, kidogo kidogo, na mwenye kupinga apinge. Nitasimulia mpaka mwisho, kwa hiyo asiyeiona na anayetaka kuiona kwanza aende akaitazame, ni dakika 88 tu, halafu arudi.

Ilitoka Japani Agosti 1950. Mwongozaji ni Akira Kurosawa; mswada aliuandika pamoja na Shinobu Hashimoto, na huo ndio uliokuwa mswada wa kwanza wa Hashimoto kugeuzwa filamu. Imetokana na hadithi fupi mbili za Ryunosuke Akutagawa: ile ya 1922 ndiyo yenye kesi, ile ya 1915 ndiyo yenye lango. Mwaka 1951 ilitwaa Simba wa Dhahabu kwenye tamasha la Venice, wakati Kurosawa mwenyewe hakujua hata kama imepelekwa huko, na 1952 ikapewa Oscar ya heshima. Tangu hapo jina lake limeingia mpaka kwenye maandishi ya sheria na ya anthropolojia.

Tuko Kyoto, karne ya 12. Vita, njaa na tauni vimeuchosha mji, na lango lake kuu, Rashomon, limebaki gofu. Mvua inamwagika. (Maji ya mvua ile waliyatia wino mweusi ili kamera iweze kuyaona. Ukishalijua hilo hutaitazama tena mvua ile kwa jicho lilelile.) Chini ya lango wamejikinga mkata kuni, anayeigizwa na Takashi Shimura, na mtawa wa Kibudha, Minoru Chiaki. Wametoka kutoa ushahidi mahakamani. Neno la kwanza kusikika katika filamu nzima ni la mkata kuni: "Sielewi." Anakuja mpita njia kukwepa mvua, anataka kusimuliwa.

Kisa ni hiki. Samurai na mkewe walikuwa wakipita msituni. Jambazi aitwaye Tajomaru, ambaye ni Toshiro Mifune, akamhadaa mume, akamfunga kamba, akambaka mke mbele ya macho ya mumewe. Baadaye mume akakutwa amekufa. Mahakamani kila mmoja akaeleza kifo hicho kilivyotokea.

Jambazi anasema: nimemuua mimi. Mwanamke alinambia hawezi kuishi huku wanaume wawili wanaijua aibu yake, nikamfungua mumewe, tukapigana kiume. Panga zetu ziligongana mara 23, na hakuna mwanamume aliyewahi kunivukisha 20.

Mke, ambaye ni Machiko Kyo, anasema jambazi alikwisha kuondoka. Mume wangu akawa ananitazama kwa dharau. Nikamsihi aniue kuliko kunitazama vile. Nikazimia jambia likiwa mkononi mwangu, na nilipozinduka nikalikuta kifuani mwake.

Mume mwenyewe anasema kupitia mganga wa kike aliyepandisha roho yake: mke wangu alikubali kufuatana na jambazi, tena akamwambia aniue kwanza. Hata jambazi alichukizwa. Nilipobaki peke yangu nikajichoma kwa jambia, na nikiwa nakata roho nikahisi mkono wa mtu unalichomoa.

Hebu tusimame hapo. Mshitakiwa kwa kawaida hudanganya ili ajinasue. Hawa watatu wanagombea kuwa muuaji! Hilo ndilo linalonirudisha kwenye filamu hii kila mara. Kama tofauti zao zingetokana na mahali kila mmoja aliposimama, tungesikia tofauti za pembeni: nani alianza kusema, jua lilikuwa wapi. Lakini nani aliyeua si jambo la kutegemea umesimama upande gani. Kila mmoja amechagua kisa ambacho ndani yake anatoka akiwa mtu anayetaka kuwa. Jambazi awe shujaa wa upanga. Mke awe mwanamke wa heshima aliyepagawa kwa uchungu. Samurai afe kifo cha kisamurai. Kuitwa muuaji kwao ni nafuu kuliko kuonekana duni.

Nitaendelea na wa nne, mkata kuni. Huyo ndiye mwenye filamu.

Wakili Mtarajiwa

Mkuu heshima yako. Nasubiri wa nne, ila niongeze jambo la fani yangu. Mashahidi wakitofautiana hakimu haandiki kwamba ukweli haupo. Anapima: nani ana sababu ya kudanganya, kipi wanakubaliana, ushahidi wa vitu unasemaje. Kwenye filamu hiyo nilishangaa kuwa hakimu haonekani wala hasikiki. Mashahidi wanakaa chini uwanjani wanatutazama sisi.

Mtambaji

Umeshika penyewe, mkuu. Hakimu ni mtazamaji. Shahidi anarudia swali ambalo hatukulisikia, kisha anajibu kwa kututazama usoni. Na kama uliangalia vizuri, nyuma ya kila anayetoa ushahidi wameketi mkata kuni na mtawa, kimya, wanasikiliza. Maana yake mkata kuni alimsikia kila mmoja akidanganya, naye hakufungua mdomo.

Kwa nini hakufungua? Yeye mahakamani alisema aliokota kofia, kamba na vikorokoro vingine, akaiona maiti, akakimbia kutoa taarifa. Pale langoni, akibanwa na mpita njia, anakiri kwamba aliona yote. Na alichokiona hakimpi mtu sifa. Jambazi alikuwa amepiga magoti anambembeleza mwanamke akubali kuolewa naye. Mwanamke akamkata mumewe kamba ili wanaume waamue wao. Mume akasema hawezi kuhatarisha maisha yake kwa mwanamke wa namna ile. Ndipo mke akawageukia wote wawili akawazodoa kwamba si wanaume. Wakapigana, na ni mapigano ya kutia huruma: mikono inatetemeka, wanaanguka, wanatambaa, wanahema, upanga unanasa ardhini. Yale mapigo 23 hayapo. Mume anakufa akilia kwamba hataki kufa.

Sasa mnaotumia filamu hii kutetea kwamba ukweli ni wa kila mtu na lake, tazameni mambo wasiyobishana. Mwanamke alibakwa, na aliyembaka anajulikana. Mume alifungwa. Mume amekufa. Jambia halionekani. Wa msituni wote wanaungana hapo, na filamu inajengwa juu ya hayo. Wanakotofautiana hawawezi wote kuwa wakweli, kwa sababu mtu hafi mara tatu.

Relativizimu, yaani fikra hiyo kwamba kila mtu na ukweli wake, ni ya zamani. Mgiriki Protagoras, karne ya 5 kabla ya Kristo, alisema binadamu ndiye kipimo cha vitu vyote, na Plato akamjibu kwa hoja ambayo mpaka leo ni ngumu kuikwepa: kama kila anachokiona mtu ni kweli kwake, basi na huyo anayeona Protagoras amekosea naye ni mkweli. Fikra inajikata miguu yenyewe. Lakini Kurosawa si mwalimu wa falsafa. Hoja yake imo ndani ya matendo. Watu wake wanadanganya kwa jasho na machozi. Mtu hahangaiki hivyo kuficha kitu ambacho hakipo. Uongo wao wenyewe ni ushahidi kwamba kuna jambo lililotokea, wanalijua, na hawalitaki.

Nahodha77

Ndugu Mtambaji, nakusoma vizuri lakini hapa sikubaliani. Mbona basi filamu haitupi jibu? Angetaka kusema ukweli upo, angetuonyesha. Mkata kuni naye ni mwongo, kwa nini nimwamini yeye? Kutojua kabisa na kutokuwepo kwa ukweli, kwangu mimi mtu wa kawaida, vinanifikisha palepale.

Mtambaji

Swali lako ndilo zito kuliko yote, Nahodha, na halijibiwi kwa mstari mmoja.

Kwanza Kurosawa mwenyewe. Katika kumbukumbu za maisha yake anasimulia kwamba kabla ya kuanza kupiga picha, wasaidizi wake watatu walimfuata wakalalamika hawauelewi mswada. Akawaambia kwamba binadamu hawezi kuwa mkweli kwa nafsi yake juu ya nafsi yake; hawezi kujisimulia bila kujipamba, na hata akiwa maiti haachi. Wawili waliridhika, mmoja aliondoka bado hajaridhika. Ona alipoweka ugonjwa: ndani ya anayesema. Hakusema tukio halikuwepo.

Pili, kuhusu kwamba kutojua kunakufikisha palepale. Nakuomba usome kisa kingine cha maisha yake. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko la Kanto liliipiga Tokyo na Yokohama, wakafa watu zaidi ya 100,000. Kurosawa alikuwa na miaka 13. Uvumi ukaenea kwamba Wakorea wanatia sumu visimani, na makundi ya raia wakaingia mitaani kuwasaka. Waliuawa kwa maelfu. Mtaani kwa kina Kurosawa watu walikatazwa kunywa maji ya kisima kimoja kwa sababu ukuta wake ulikuwa na alama za ajabu za chaki, wakasema ni alama za siri za Wakorea. Alama zile alizichora yeye mwenyewe, mtoto, akichezacheza.

Fikiria mtu aliyekua na kumbukumbu hiyo. Unaweza kumwambia kwamba uvumi ule ulikuwa "ukweli wa wale waliouamini"? Mtoto mmoja alijua alama zimetoka wapi, na umati wote ulikuwa umekosea. Ndiyo maana nasema kutojua na kutokuwepo havikufikishi mahali pamoja. Ukisema sijui, bado una deni la kutafuta, na bado unaogopa kumhukumu mtu. Ukisema hakuna, deni limefutwa, na mwenye rungu ndiye mwenye neno.

Na kuhusu mkata kuni kuwa mwongo: ni kweli, na nitakuja hapo. Bila uongo wake filamu hii ingekuwa hadithi ya mtu mwema kati ya wabaya, na nisingeifungulia uzi.

Kwanza tumalizane na mpita njia.

Watu wengi humchukulia kama mchekeshaji wa pembeni. Kwangu yeye ndiye nihilizimu, ile fikra kwamba hakuna chenye maana wala thamani, imevaa nguo. Mtazameni anavyoingia: jambo la kwanza anabomoa mbao za lango awashe moto. Lango lenyewe lililomkinga mvua! Anasikiliza kila ushahidi huku akitabasamu. Anasema kudanganya ndiyo tabia ya binadamu, kwamba asiyejipenda mwenyewe hawezi kuishi, kwamba hata zimwi lililokuwa likikaa langoni hapo lilikimbia kwa kuogopa ukatili wa watu. Hana huzuni. Mtawa anateseka kwa kupoteza imani yake kwa binadamu, mkata kuni anateseka, yeye anaota moto.

Neno nihilisti lilivuma huko Urusi baada ya riwaya ya Turgenev ya 1862, likimtaja kijana asiyeinamia mamlaka yoyote wala kupokea kanuni yoyote kwa imani tu. Miaka 20 baadaye mwanafalsafa Mjerumani Nietzsche akaandika kwamba Mungu amekufa, na humu ndani watu hulitaja neno hilo kana kwamba alikuwa akisherehekea. Alilitia kinywani mwa mwendawazimu aliyekimbia sokoni na taa asubuhi, na wale waliocheka sokoni ndio walioshindwa kuelewa ukubwa wa hasara. Mpita njia wa Rashomon ni mmoja wa wale wa sokoni. Kwake kila kitu kimeshaanguka, na kinachobaki ni kuokota kilichoanguka.

Kisha kinasikika kilio cha mtoto mchanga, ametupwa nyuma ya lango. Mpita njia anamfikia wa kwanza, anamvua kimono alichofunikwa. Mkata kuni anapopiga kelele kwamba hirizi iliyowekwa pale ni ya wazazi kumlinda mtoto, jamaa anajibu kwamba waovu ni wazazi waliomtupa. Na hapa hoja inajifunga: wote ni waongo, wote ni wabinafsi, kwa nini mimi pekee nibaki mikono mitupu? Mnaona njia ilikopita? "Kila mtu na ukweli wake" ilikuwa mlango tu. Nyuma yake kulikuwa na mtu anamvua mtoto nguo.

Akutagawa aliishia hapohapo. Katika hadithi yake ya 1915 kibarua aliyefukuzwa kazi anamkuta ajuza juu ya lango akinyofoa nywele za maiti atengeneze nywele za bandia. Ajuza anajitetea: bila hivi nitakufa njaa. Kibarua anamjibu kwamba kwa hoja hiyohiyo na yeye asilaumiwe, anamvua ajuza nguo, anatokomea gizani. Akutagawa alijiua 1927, na miaka 35 ndiyo aliyokuwa nayo. Wasomaji wa Kezilahabi watamkumbuka Kazimoto wa Kichwamaji (1974), naye anafika ukutani hapohapo na kuishia kujiua.

Kurosawa alikuwa na kila sababu ya kuishia hapo pia. Kaka yake Heigo alijiua 1933. Japani ya 1950 bado ilikuwa chini ya majeshi ya Marekani; miji ilikuwa imechomwa, mbili kwa bomu la atomiki; mfalme aliyekuwa akihesabiwa kuwa na uungu alitangaza Januari 1946 kwamba huo haukuwa ukweli; na kesi za viongozi wa vita zilikuwa zimemalizika Tokyo 1948, watu wakisikia kila siku mabwana wakubwa wakijieleza mbele ya majaji. Lango lililobomoka halikuhitaji kufafanuliwa kwa watazamaji wale.

Binti wa Mrima

Kaka Mtambaji, nimekusoma mpaka hapa na nashukuru. Lakini kuna jambo linaniuma kila nikiitazama na wanaume wengi hulipita. Mwanamke yule amebakwa. Hakuna anayebisha. Halafu filamu nzima inashughulika na heshima ya wanaume wawili. Kila anayesimulia, ukitoa yeye mwenyewe, anamfanya yeye ndiye chanzo. Jambazi anasema yeye ndiye aliyeomba wapigane. Mume anasema alitaka auawe. Hata mkata kuni anasema aliwachochea. Mimi hapo siioni falsafa, naona tabia ya dunia tunayoijua.

Mtambaji

Dada yangu, sitaki kuitetea filamu pasipostahili. Haiketi na jeraha la yule mwanamke, na kuna mahali inaonyesha kubakwa kwa namna ambayo mimi naiona ni mbaya: mkono wake unaonekana unamkumbatia jambazi, kwa mujibu wa jambazi. Mtazamaji asiyekumbuka nani anasimulia atabeba uongo ule nyumbani kwake.

Ila nadhani uliyoyasema ni sehemu ya ninachotaka kukisema. Usawa wa bure wa relativizimu, kwamba visa vyote vina uzito mmoja, unamuumiza nani? Unamuumiza aliyeonewa. Tajomaru hapungukiwi kitu tukisema kila mtu na lake. Yeye anaanza kuhesabiwa kuwa na "upande wake".

Na ushahidi wa mwanamke una jambo ambalo la wengine halina. Yeye hasimulii kupigana, anasimulia kutazamwa. Mumewe bado amefungwa, jambazi ameondoka, na macho ya mume hayana hasira wala huzuni, yana dharau baridi. Mwanafalsafa Mfaransa Sartre aliandika kurasa nyingi kuhusu jicho la mwingine katika kitabu chake kikubwa cha 1943: kwamba mtu akinitazama ananigeuza kitu, ananifungia ndani ya hukumu yake. Sidhani kama nimewahi kuona hilo likionyeshwa kwa ukali kuliko katika dakika zile. Anamwomba ampige, amuue, lakini asimtazame hivyo. Huenda alidanganya kuhusu jambia. Kuhusu macho yale namwamini.

Mtambaji (inaendelea)

Nilisema nitarudi kwa mkata kuni.

Mpita njia, akiwa na kimono mkononi, anamgeukia na swali moja: jambia lenye lulu liko wapi? Mke alisema lilikuwepo, mume alisema lilichomolewa kifuani mwake, mahakamani halikupatikana. Mkata kuni anakosa la kusema. Kumbe ndilo lililomfunga mdomo mbele ya hakimu. Kusema aliyoyaona kungefichua alichokiiba. Mpita njia anamzaba kibao, anacheka, anaenda zake.

Hapa nataka tutulie kidogo, kwa sababu watu hulikimbia. Mpita njia ndiye mpelelezi bora kuliko wote katika filamu. Amekaa saa nzima akisema ukweli hauna maana, halafu anaupata, kwa kulinganisha ushahidi, jinsi Wakili alivyoeleza hapo juu. Na akishaupata anautumia kumpiga mwenzake. Kama kweli hauna maana, kibao kile kilikuwa cha nini? Anamlaumu mwizi kwa kuiba. Nihilizimu yake imedumu mpaka dakika alipohitaji lawama.

Basi wamebaki watatu: mtawa amembeba mtoto, mkata kuni ameinama ukutani ameumbuka. Mvua inakatika. Mkata kuni ananyoosha mikono amchukue mtoto, na mtawa anarudi nyuma kwa hofu: unataka kumvua hata alichobakiwa nacho? Swali la haki kabisa, baada ya siku ile. Mkata kuni anasema ana watoto sita nyumbani. Wa saba hataongeza mzigo.

Oktoba 1945, mjini Paris, Sartre alitoa mhadhara maarufu akitetea udhanaishi. Kiini chake ni kwamba binadamu kwanza yupo, kisha anajifanya kuwa alivyo kwa matendo yake. Hakuna asili aliyopewa ya kumpa udhuru. Hakuna mwizi wa kuzaliwa wala mwoga wa kuzaliwa. Ukiishika kauli hiyo, utaona wale watatu wa mahakamani wameigeuza juu chini. Kila mmoja amejitengenezea sanamu: shujaa, mke wa heshima, samurai. Kisha anapinda matendo yaliyokwisha kutendeka yafanane na sanamu. Mkata kuni ndiye pekee ambaye sanamu yake imevunjwa hadharani. Hana kisa kilichobaki cha kujisimulia. Anachoweza ni kutenda jambo moja, sasa hivi, bila kudai kwamba linafuta lile la jambia. Na halilifuti. Pengine aliliiba awalishe wale sita. Filamu haisemi, nami sitamwombea udhuru ambao yeye mwenyewe hakuuomba.

Mtawa naye ana uamuzi wake, na kwangu ni mgumu zaidi. Hana uthibitisho wowote. Mtu aliye mbele yake ni mwizi aliyethibitika na shahidi wa uongo. Anaweza kusubiri maisha yake yote apate hakika kwamba binadamu ni mwema, asiipate. Anampa mtoto. Imani yake hairudi kwa kugundua kitu. Anaikabidhi pamoja na mtoto, mikono kwa mikono.

Nahodha77

Hapo umenifikisha mahali, nakiri. Lakini wakosoaji wengi wanasema mwisho huo umebandikwa. Saa nzima ya giza, halafu mtoto analia na jua linatoka. Mimi pia niliona ni rahisi mno.

Mtambaji

Lawama hiyo ni ya siku nyingi, na mtoto kweli anatokea ghafla. Jua kutoka palepale ni kukoleza kupita kiasi, sikatai. Lakini angalia mwisho huo unaacha nini bila kutatua. Kesi haijaamuliwa. Jambia halijarudishwa. Mwanamke hatujui yuko wapi. Lango halijajengwa, tena limepungua mbao kadhaa. Mtoto anaenda kwenye nyumba ya maskini mwenye midomo sita ya kulisha, katika mji wenye njaa. Na mtawa hakuambiwa kwamba watu ni wema. Amemwona mtu mmoja akitenda jambo moja. Kwa filamu inayodaiwa kubembeleza, hiyo ni faraja ndogo sana. Mwisho rahisi ungetuletea hakimu akitoa hukumu, na sisi tukaenda kulala.

Kuna na jambo la msituni linalonifanya niamini kwamba Kurosawa alijua anachofanya. Mpiga picha wake, Kazuo Miyagawa, aliielekeza kamera juu kwenye jua lenyewe kupitia majani, kitu ambacho wapiga picha wa wakati ule walikuwa wakikiogopa, na walitumia vioo kurudisha mwanga wa jua kwenye nyuso za waigizaji. Msitu mzima ni madoa ya mwanga na kivuli yanayocheza. Kila anayedanganya anadanganya ndani ya madoa hayo. Langoni hakuna madoa, ni mvua na kijivu kitupu. Uamuzi wa kumchukua mtoto haufanyiki penye mwanga mzuri wa kupamba. Jua linakuja baada ya uamuzi.

Wakili Mtarajiwa

Uzi huu nimeuhifadhi. Mkuu, baada ya hii mtu aendelee na ipi? Ya mwongozaji huyohuyo kama ipo.

Mtambaji

Nenda Ikiru, ya 1952. Hashimoto yumo tena kwenye mswada, na Takashi Shimura, mkata kuni wetu, ndiye mhusika mkuu. Anaigiza Watanabe, mkuu wa idara katika ofisi za jiji, aliyekaa miaka 30 akigonga mihuri, anagundua ana saratani ya tumbo na miezi imebaki michache. Kina mama wa mtaa mmoja wamezungushwa ofisi hadi ofisi wakiomba dimbwi la maji machafu lifukiwe pawe uwanja wa watoto. Analichukua hilo.

Kitu cha kuangalia ni hiki: filamu ikiwa imebakiza sehemu kubwa tu, Watanabe anakufa, na tunahamia matangani. Wafanyakazi wenzake wamekaa wanakunywa na kubishana nani hasa aliyeujenga uwanja ule. Naibu meya anajipa sifa. Mmoja mmoja wanaanza kukumbuka walichokiona: alivyosubiri kwenye korido, alivyotishwa na wahuni akakaa kimya. Ni ushahidi juu ya ushahidi, na marehemu hayupo wa kujipamba. Tofauti na Rashomon, safari hii vipande vinakutana, na waliokaa matangani wanamjua mtu waliyefanya naye kazi miaka yote bila kumwona. Wanalia, wanaapa kubadilika. Kesho yake ofisini tazama wanachofanya, halafu njoo hapa tuendelee. Nitafungua uzi wake mwishoni mwa wiki, maana Nahodha najua atakuwa na la kusema.